Hamira imetupwa mara mbili mwaka mmoja: Pasaka ya Biblia ni lini hasa?

#1 Nyumbu wa Mara

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeukalia muda mrefu, leo naumwaga.

Nipo Musoma. Mimi na mama watoto tunasali na kikundi kidogo cha washika Sabato ambao pia wanashika sikukuu za Walawi 23. Jengo hatuna, tunakodi ukumbi. Jina la kikundi liacheni. Tulikuwa kaya kumi na tano hivi na tuliishi vizuri hadi mwaka 2024.

Machi ya mwaka ule mzee mmoja akatangaza: shayiri imeiva Israeli, mwezi umeandama, Pasaka ni jioni ya Jumatatu tarehe 25. Mzee wa pili akasimama palepale: hapana, Wayahudi wenyewe mwaka huu wameongeza mwezi, Pasaka ni jioni ya Jumatatu 22 Aprili. Kila mmoja na Biblia yake mkononi, kila mmoja na aya zake. Ukumbi ukakatika vipande viwili kama muhogo.

Sasa sikilizeni kilichonileta. Mama watoto anauza maandazi na vitumbua karibu na stendi. Kwa asiyejua, siku saba za Mikate Isiyotiwa Chachu hamira haitakiwi hata kuonekana nyumbani (Kutoka 12:19). Na Machi ile ilikuwa Ramadhani. Muulize mpika vitumbua yeyote Ramadhani ni nini kwake. Akatii. Kopo la hamira likamwagwa shimoni, karai likasuguliwa kwa majivu mpaka likang'aa, wateja wa futari wakahamia kwa jirani. Siku saba nzima. Aprili wakaja wale wa upande wa pili, wakakaa kwenye mkeka wetu, wakasema: "Dada, ile ya Machi haikuwa Pasaka." Akamwaga hamira mara ya pili.

Usiku ule akaniuliza: "Baba Bhoke, Mungu kasema mwezi wa kwanza. Wa kwanza ni upi, ili nijue lini nisipike?"

Sikuwa na jibu. Tangu hapo nasoma kila ninachokipata. Wenye elimu ya jambo hili karibuni. Matusi hapana.

#2 Kaa la Moto

Nimekaa siti ya mbele, karanga ninazo. Hazina chachu.

#3 Mwalimu wa Zamu

Mkuu Nyumbu, pole nyingi kwa mama Bhoke.

Tuanze na jambo ambalo wazee wenu wote wawili wanalirukia: Torati haina kalenda. Ina sikukuu, ina tarehe, ina amri, lakini namna ya kuhesabu haikuandikwa. Kutoka 12:2 inasema mwezi huu ndio utakaokuwa wa kwanza kwenu. Mwezi upi? Kutoka 13:4 inajibu: Abibu. Na Abibu si jina kama Januari. Ni hali ya shayiri, masuke yameshatoka na punje zinajaa ila bado laini. Neno hilohilo limo Kutoka 9:31, pale mvua ya mawe ilipoiangamiza shayiri ya Misri kwa sababu ilikuwa imeshatoa masuke, na ngano ikapona kwa kuchelewa kwake. Hapo maelezo yameisha.

Sasa miezi kumi na miwili ya kuandama ni siku 354. Mwaka wa jua ni 365 na robo. Kila mwaka unapungukiwa na siku kama 11, na baada ya miaka mitatu umeachwa nyuma mwezi mzima. Ukiuacha mwezi ujiendee, Pasaka itaingia katikati ya baridi, wakati shayiri ni majani matupu, na bila shayiri huna mganda wa kutikisa mbele za Bwana (Walawi 23:10-11). Kwa hiyo kila baada ya miaka miwili mitatu lazima mwezi wa kumi na tatu uongezwe. Nani auongeze? Torati iko kimya, na kwenye kimya hicho ndiko watu wamegombania miaka elfu mbili na zaidi.

Zamani lilikuwa baraza. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, katika kitabu cha Sanhedrini, inataja dalili tatu zilizoangaliwa: shayiri, matunda ya miti, na jua kufika pale usiku na mchana vinapolingana. Mbili zikikubaliana zinatosha. Na si hizo tu. Waliweza kuongeza mwezi kwa sababu barabara na madaraja yameharibiwa na mvua na mahujaji hawatafika, au kwa sababu matanuri ya kuchomea kondoo wa Pasaka hayajakauka. Kuna barua ya Rabani Gamalieli, mkuu wa baraza, aliyoamuru karani wake aandike kwenda kwa Wayahudi wa mbali: makinda ya njiwa bado laini, wanakondoo bado wadogo, shayiri haijawa tayari, basi mimi na wenzangu tumeona vema kuongeza siku thelathini.

Wakuu, hapo kwenye "tumeona vema" pakazieni macho. Tutaparudia.

#4 mtumishi05

Mwalimu unatuzungusha. Hakuna shayiri, hakuna Pasaka, kwisha. Kalenda ya Wayahudi wa leo ni ya Hilleli wa Pili, mkuu wao wa zamani, mwaka 359 baada ya Kristo. Yesu hakuijua! Na mwezi wao wa nne wanauita Tamuzi, ile sanamu iliyoliliwa na wanawake katika Ezekieli 8:14. Unamtolea Mungu sikukuu kwa kalenda yenye jina la sanamu? Mzee wa Machi alikuwa sahihi, asilimia mia. Mwambie dada yetu hamira ya kwanza ndiyo iliyohesabiwa mbinguni.

#5 Fundi Saa

Mtumishi, shayiri ya wapi? Kwetu kaskazini, Arusha na Manyara, inalimwa ya bia. Tukaikague hiyo?

#6 mtumishi05

Ya nchi ya Israeli, usijitoe ufahamu.

#7 Fundi Saa

Sawa, ya Israeli. Shamba lipi? Bonde la Yordani liko chini ya usawa wa bahari na kuna joto, shayiri yake inatangulia ile ya milima ya Yerusalemu. Ya porini haiendi sawa na ya kupandwa. Na masuke mangapi yanatosha, shamba zima au kiasi cha mganda mmoja? Watu wanazunguka mashamba yaleyale, wiki ileile, wanarudi na majibu mawili. Shayiri haisemi, mtumishi. Anayesema ni aliyeishika mkononi.

Kuhusu Hilleli: mapokeo yanasema alitoa hesabu zake mwaka 358 au 359, lakini anayetajwa kuwa shahidi wa kwanza wa habari hiyo aliishi karne nyingi baadaye. Na ipo barua ya mkuu wa Wayahudi wa Babeli ya mwaka 835 au 836 yenye tarehe ya Pasaka isiyokubaliana na kalenda ya leo. Kwa hiyo kalenda hii ilijengwa tofali kwa tofali. Haikushuka siku moja. Majina ya miezi ni kweli walirudi nayo kutoka uhamishoni. Ila Nisani, jina la huo mwezi wa kwanza, imo Nehemia 2:1 na Esta 3:7. Ukilichoma jina, choma na vitabu.

Sasa hesabu yenyewe, kwa wapenda namba. Saa moja wameigawa sehemu 1080. Mwezi wao ni siku 29, saa 12 na sehemu 793. Linganisha na vipimo vya wanaanga wa leo, kosa ni chini ya sekunde moja kwa mwezi. Mimi natengeneza saa, hiyo heshima nawapa. Kisha wana mzunguko wa miaka 19, na ndani yake miaka saba ina miezi kumi na mitatu: wa 3, 6, 8, 11, 14, 17 na 19. Ule wa 2024 kwao ulikuwa 5784. Toa simu, gawanya kwa 19: inabaki 8. Ndiyo maana waliongeza mwezi. Hakuna aliyekwenda kukagua shamba.

Lakini mzee wa Machi naye nisimnyime haki yake. Mzunguko huo wa miaka 19 unauzidi mwaka wa jua kwa kama saa mbili. Kidogo, lakini unajilimbikiza: siku moja kila karne mbili na ushee. Toka karne ya nne mpaka leo Pasaka imesukumwa mbele wiki nzima na zaidi. Mwaka 2024 mwezi mpevu wa 25 Machi ulikuwa umeshapita siku ya usiku na mchana kulingana. Kwa jua peke yake, Machi ilitosha. Tena mwaka 343 maaskofu wa mashariki waliokutana Serdika, Sofia ya leo kule Bulgaria, waliacha orodha ya Pasaka za Wayahudi za miaka 16. Zote ndani ya Machi.

Na wana kanuni nyingine ambayo huwezi kuiona kwenye Torati hata utafute kwa tochi. Mwaka mpya wao hauruhusiwi kuanza Jumapili, Jumatano wala Ijumaa. Ukiangukia hapo, unasogezwa. Sababu mojawapo ni Siku ya Upatanisho isipakane na Sabato, maana zingekuwa siku mbili mfululizo bila kazi. Talmudi inalieleza kwa maneno mawili: kwa ajili ya mboga, na kwa ajili ya maiti. Mboga zitanyauka, na maiti atakaa siku mbili bila kuzikwa kwenye joto lile.

#8 Kaa la Moto

Mboga na maiti! Uzi huu una madini. Endeleeni.

#9 binti_Pangani

Naomba radhi kuingilia, mimi ni Muislamu, lakini habari za kuandama mwezi ni za kwetu pia.

Kaka Nyumbu, mwezi ule uliowagombanisha Machi 2024 ndio uleule tuliofungia Ramadhani. Sisi kila mwaka tunabishana: wengine wanafuata Saudia, wengine mpaka uonekane hapahapa. Nyumba moja mume yuko kwenye Idi na mke bado kafunga. Lakini sisi tunabishania siku moja. Mwezi upi, hapana, huo hatubishanii, kwa sababu kuongeza mwezi kumekatazwa ndani ya Surat Tawba aya ya 37. Ramadhani inazunguka masika, kipupwe, kaskazi, na tunaifuata popote ilipo.

Nyinyi mmegombania mwezi mzima, halafu waliolipa ni vitumbua vya futari yetu. Haki yake mama huyo.

Swali: nao zamani walikuwa na mashahidi wa mwezi?

#10 Mwalimu wa Zamu

Walikuwa nao, dada yangu. Mishna, kitabu cha sheria za marabi, inaeleza kiwanja kimoja Yerusalemu, Beit Yaazek, ambako mashahidi walipokewa na kuandaliwa karamu kubwa ili wasichoke kuja. Walihojiwa mmojammoja: pembe za mwezi zilielekea wapi, ulikuwa juu kiasi gani. Gamalieli alikuwa na michoro ya mwezi ukutani, anamuuliza mtu wa shamba, "Ulikuwa hivi au hivi?" Baraza likiridhika, moto uliwashwa Mlima wa Mizeituni, wa mlima wa pili wakiuona wanawasha wao, hivyo hivyo mpaka habari inafika Babeli. Wasamaria wakaanza kuwasha mioto ya uongo. Ikabidi watumwe wajumbe kwa miguu. Mjumbe hawezi kufika kote kwa wakati, na ndiyo maana hadi leo Wayahudi wengi walio nje ya Israeli wanashika siku mbili pale wa Israeli wanaposhika moja.

#11 Jumapili Tu

Wakolosai 2:16. Mtu asiwahukumu kwa sikukuu wala mwandamo wa mwezi. Uzi ufungwe.

#12 Mwalimu wa Zamu

Ndugu, Pasaka yako unaijua inatafutwaje? Jumapili baada ya mwezi mpevu unaofuata usiku na mchana kulingana. Mwezi haujakuacha. Na hao wa kwako waligombana vilevile: makanisa ya Asia Ndogo yalishika tarehe 14 ya mwezi wa kwanza pamoja na Wayahudi, siku yoyote ya wiki, na kwenye miaka ya 190 askofu Victor wa Roma akataka kuyatenga, hadi askofu mwenzake Ireneo akamsihi apoe. Mkutano wa maaskofu wa Nisea ukaja kulijadili tena mwaka 325. Na bado Waorthodoksi na Wakatoliki miaka mingi hawasherehekei Jumapili moja. Uzi haufungwi.

#13 mtumishi05

Haya, kama mwezi unaleta ugomvi, tuuache mwezi. Vitabu vya kale vya Henoko na Yubile vinafundisha mwaka wa siku 364. Wiki 52 kamili! Robo nne, kila moja siku 91. Mwaka unaanza Jumatano kwa sababu mianga iliumbwa siku ya nne. Pasaka kila mwaka ni jioni ya Jumanne, haihami. Yubile sura ya 6 inawaonya waziwazi wanaofuata mwezi. Na kanisa la Ethiopia wanavyo vitabu hivyo ndani ya Biblia yao mpaka leo. Hii ndiyo kalenda ya Mungu, haihitaji baraza, haihitaji mashahidi, haihitaji shayiri.

#14 Fundi Saa

Mtumishi, jana ulisema hakuna shayiri hakuna Pasaka. Leo shayiri haihitajiki. Tukuache wapi?

Mwaka wa 364 unapungua siku moja na robo kila mwaka. Miaka 24, umekosa mwezi. Miaka 100, umekosa siku 124, Pasaka yako imehamia Desemba. Saa ya namna hiyo mteja angenirudishia siku hiyohiyo.

#15 mtumishi05

Walikuwa wanaongeza wiki.

#16 Fundi Saa

Wapi imeandikwa?

#17 Mwalimu wa Zamu

Haijaandikwa popote kwa uwazi, wala kwenye Henoko wala kwenye magombo ya Kumrani, na wataalamu wanavutana. Ila mtumishi ametugusisha jambo kubwa, msimcheke.

Watu wa Kumrani waliishika hesabu hiyo ya 364. Magombo yao yalianza kupatikana mwaka 1947 karibu na Bahari ya Chumvi. Katika ufafanuzi wao wa Habakuki kuna habari ya kuhani wanayemwita Mwovu, aliyemfuata Mwalimu wa Haki, kiongozi wao, mpaka mahali alipojificha, akamvamia Siku ya Upatanisho, siku ya kufunga na kupumzika. Jiulizeni: kuhani angesafirije siku hiyo, wakati yeye mwenyewe alitakiwa kuwa amefunga na yuko kwenye ibada? Mtaalamu Shemaryahu Talmon ndiye aliyeonyesha kwamba jibu ni kalenda mbili. Kwa kuhani ile ilikuwa siku ya kawaida.

Sikukuu ya Majuma, yaani Pentekoste, ndiyo usiseme. Walawi 23:15-16 inasema hesabuni siku hamsini tangu siku ya pili baada ya Sabato. Sabato ipi? Mafarisayo: siku ya kwanza ya sikukuu yenyewe, ndiyo maana leo Wayahudi wanaishika tarehe 6 ya mwezi wa tatu, Siwani, siku yoyote ile ya wiki. Waboethusi, ndugu zao Masadukayo: Sabato ya wiki, basi Pentekoste lazima iwe Jumapili. Wakaraiti, yaani Wayahudi wanaofuata Maandiko peke yake bila Talmudi, na Wasamaria wa Mlima Gerizimu wanasema hivyo mpaka leo. Kumrani: Sabato inayofuata baada ya sikukuu yote kwisha, tarehe 15 mwezi wa tatu. Wayahudi wa Ethiopia, Beta Israeli, walihesabu tangu siku saba zilipomalizika, wakafika tarehe 12. Aya moja, Pentekoste nne.

Talmudi ina kisa cha mzee wa Kiboethusi aliyebanwa atoe sababu yake. Akajibu: Musa aliwapenda Israeli, na alijua Pentekoste ni siku moja tu, basi akaiweka baada ya Sabato ili watu wapumzike siku mbili. Nikikisoma hicho nacheka peke yangu. Hoja ya mtumishi wa serikali anayeitazama kalenda ya sikukuu za mwaka.

Sasa nirudi kwa "tumeona vema".

Baada ya Hekalu kubomolewa, baraza lilikuwa mji wa Yavne na mkuu wake Gamalieli wa Pili. Wakaja mashahidi wawili: mwezi tumeuona usiku wake. Usiku uliofuata watu wote wakatazama, hakuna mwezi. Gamalieli akawa ameshaupokea ushahidi. Rabi Dosa akasema hawa ni waongo, utashuhudiaje kwamba mwanamke amejifungua, na kesho yake tumbo limefika kidevuni? Rabi Yoshua akamwambia, naafiki maneno yako. Na mwezi ule ulikuwa wa saba, maana yake Siku ya Upatanisho ilikuwa inahesabiwa kutoka hapo.

Gamalieli akamtumia Yoshua amri: uje kwangu na fimbo yako na fedha zako, siku ambayo kwa hesabu yako ni Siku ya Upatanisho.

Lipimeni hilo. Mtu amepiga hesabu yake sawasawa, mashahidi anajua ni waongo, na anaambiwa abebe fedha na kusafiri siku iliyo takatifu kuliko zote. Rabi Akiba akamkuta Yoshua amekunja uso. Akamwambia: imeandikwa, hizi ni sikukuu mtakazozitangaza ninyi, ziwe kwa wakati wake au nje ya wakati wake, nyingine hakuna. Yoshua akachukua fimbo, akachukua fedha, akaenda. Gamalieli akasimama, akambusu kichwani: karibu kwa amani, mwalimu wangu na mwanafunzi wangu. Mwalimu kwa hekima, mwanafunzi kwa kuwa umetii.

#18 mtumishi05

Kwa hiyo baraza likikosea, Mungu naye anakosea nalo?

#19 Mwalimu wa Zamu

Hilo ndilo swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa humu, na nasema bila kejeli. Marabi walijibu: tarehe imekabidhiwa watu. Kumrani walijibu: haiwezekani, imeandikwa mbinguni. Wakaraiti walijibu: imeandikwa shambani na angani, nenda ukatazame. Wazee wenu wawili wa Musoma nao wamejibu kila mmoja lake, na sidhani walijua wanajibu nini. Wao walidhani wanabishania shayiri.

Na msidhani hesabu zikishaandikwa ugomvi unakwisha. Mwaka 921 Aaron ben Meir, kiongozi kule Palestina, alitangaza kalenda ya mwaka unaofuata. Wa Babeli wakaikataa. Tofauti ilikuwa sehemu 642 za saa, kama dakika 35 na sekunde 40. Pasaka ya 922 wengine wakaifanya Jumapili, wengine Jumanne. Wote walikuwa na kanuni zilezile! Mwanachuoni Saadia Gaon akaandika barua kila upande kuitetea Babeli, na Babeli ikashinda. Lakini kilichogombaniwa dakika hizo ni nani anatangaza: nchi ya Israeli kama zamani, au Babeli yenye shule na watu wengi.

#20 Kisii Moja

Wadau, habari za jioni kutoka Kisii. Huku kwetu Uadventista ndio maziwa tuliyonyonya, na sisi wenyewe ni watoto wa ugomvi huu bila wengi kujua.

Ile tarehe 22 Oktoba 1844 ya kumngojea Kristo arudi, wafuasi wa William Miller kule Marekani waliipata wapi? Ni siku ya kumi ya mwezi wa saba, Siku ya Upatanisho, kwa hesabu ya Kikaraiti iliyosubiri shayiri. Kwa hesabu ya marabi, mwaka huo Siku ya Upatanisho ilikuwa 23 Septemba. Samuel Snow alilihubiri hilo kambini Exeter, New Hampshire, mwezi Agosti, na watu wakaacha mazao shambani. Wanaotubishia hadi leo husema kwamba Wakaraiti wenyewe wakati ule, sehemu nyingi, walikuwa wameshaufuata mzunguko wa miaka 19 pamoja na marabi. Baba yangu, mzee wa kanisa, nilimuuliza jambo hilo mara moja tu. Aliniangalia, akaomba chai.

#21 Kaa la Moto

Akaomba chai 😂 Mzee anajua vita vya kupigana na vya kuachia.

#22 Nyumbu wa Mara

Wakuu nimesoma yote. Asanteni sana, na mtumishi asante pia, maana bila wewe Mwalimu asingefungua kabati.

Lakini Mwalimu, wote hao uliowataja walikuwa na baraza, na jumuiya, na watu wa kuwatii. Sisi tuna ukumbi wa kukodi na wazee wawili. Na nyumbani kwangu sasa kuna la kuongeza: mama yangu mzazi anashika ya Machi, mke wangu amechoka na zote mbili, na mimi niko katikati. Watu wa namna hii waliwahi kuishi nyumba moja?

#23 Mwalimu wa Zamu

Waliishi, tena waliandikishana.

Fustat, Kairo ya kale, lipo sinagogi la Ben Ezra. Lilikuwa na chumba cha kutupia karatasi zilizochakaa, Geniza. Karne kwa karne zikarundikana humo. Kati ya karatasi hizo zimo hati za ndoa za karne ya 11 na 12 ambamo mmoja ni Mkaraiti na mwingine ni wa marabi. Maana yake kila mwaka nyumba hiyo inaweza kuwa na Pasaka mbili. Basi waliweka masharti kwa wino. Mume hatamlazimisha mke kula mkia wa kondoo wenye mafuta, kwani kwa Wakaraiti ni haramu. Hatawasha taa mbele yake usiku wa Sabato. Hatazinajisi sikukuu zake mke, kama yeye anavyozihesabu kwa mwezi na kwa shayiri. Na mke naye atazishika sikukuu za mume pamoja naye.

Hakuna mahali walipoandika nani yuko sahihi.

#24 Nyumbu wa Mara

Nimemsomea mama Bhoke hiyo ya mkia wa kondoo. Alikuwa anakanda unga, hakuinua kichwa. Akasema: "Hao walikuwa na akili. Waliandika kabla ya kuoana."

Halafu akataka tarehe. Ya 2026 haikutusumbua, pande zote zilikaribiana mwanzoni mwa Aprili. Nimemwambia tatizo litarudi 2027: Fundi, nimegawanya mwenyewe, 5787 kwa 19 inabaki 11, mwaka mrefu. Wa Wayahudi itakuwa jioni ya Jumatano 21 Aprili. Wazee wa shayiri wakiuona mwezi wao mapema watataka kwenye mwezi mpevu wa Jumatatu 22 Machi, au kesho yake. Ameziandika zote mbili ukutani kwa penseli, juu ya ndoo ya unga.

Swali lake lililobaki si langu, ni la dada wa Pangani. Anauliza ile Machi itakuwa tena ndani ya Ramadhani?

#25 binti_Pangani

Mwambie shoga yangu, hapana. Mwezi ule wa Machi 2027 kwetu utakuwa Mfungo Mosi, Idi imeshapita. Ramadhani yote auze, hamira ajaze kopo.